Kutoka Chini Hakuna Pointi

(Maneno kwa wanafunzi wapya wa jiu-jitsu, mchezo wa kubanana na kukabana chini, na wazazi wao, Chumbageni, Tanga, baada ya alasiri)

Assalaam alaykum. Na wenzetu tusiosalimiana kwa salamu hiyo, habari zenu za jioni. Wazazi wangu, kaka zangu, dada zangu, na nyinyi watoto mlioanza kugaragara kwenye turubai kabla sijafungua mdomo, karibuni. Viatu mmeviacha mlangoni, ahsanteni. Aliyeingia navyo anajijua.

Mimi ni fundi baiskeli. Wengi wenu mnanifahamu kwa kazi hiyo kule Ngamiani, wala hamkujua kwamba jioni huwa naingia humu. Mgongo huu mnaouona umepinda, umepindwa na spoku, haukupindwa na mieleka. Nina kilo 58, tena nikiwa nimeshiba. Nimeombwa niseme nanyi leo kwa sababu mwalimu wetu anadai katika ukumbi huu hakuna mtu aliyekaliwa kifuani mara nyingi kuliko mimi. Sikubisha.

Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Kwa mambo ya vyeo na magari ya serikali naikubali methali hiyo. Hapa kwenye turubai msiifuate. Aliye juu ukimngoja hashuki. Anajiweka sawa. Anapandisha magoti mpaka yakuingie kwapani. Kisha anatafuta mkono wako mmoja uliosahau kuuficha, na hapo ndipo unapogundua kwamba kungoja nako ni kazi, tena kazi mbaya. Aliyetunga methali ile, Mungu amrehemu, hakuwahi kulaliwa na kuli wa bandarini.

Mimi nililaliwa. Wiki yangu ya kwanza kabisa nilipewa ndugu mmoja mpakuaji mizigo, kilo tisini na kitu, mpole kama maji ya mtungini, na yeye mwenyewe mgeni kama mimi. Akanivuka miguu, akanilalia ubavuni. Nikafanya jambo ambalo kila binadamu hulifanya bila kufundishwa: nikamsukuma kifua kwa mikono miwili. Mikono ikanyooka, ikatetemeka, ikaishiwa. Nikabaki pale, jasho lake likinidondokea jichoni, nikihesabu mabati ya paa. Pumzi ilipoanza kuwa fupi nikageuka nimpe mgongo, nikidhani ndiyo nakimbia. Akanipiga roba. Hapa mjini hakuna asiyeijua roba, wale vijana wa vichochoroni wanaijua bila mwalimu. Na kwa kuwa nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, nikaona aibu kugonga, yaani kumpigapiga kwa kiganja kuashiria nimekubali kushindwa. Nikajikunja, nikajitupa huku na huku, ubavu ukalia ta! Wiki tatu sikuweza kunyanyua baiskeli ya Phoenix kuiweka kwenye kibanio. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: kwani ulikuwa unashindania nini? Sikuwa na jibu.

Nilifanya makosa manne katika dakika ile. Nilingoja mpaka nikabanwa. Nilisukuma kwa mikono iliyonyooka. Nilitoa mgongo. Sikugonga. Nimekaa humu miaka saba sasa, na sijamwona mgeni ambaye hayafanyi angalau matatu kati ya hayo. Kwa hiyo kijana, kesho ukiyafanya, usije ukadhani wewe ni mjinga wa pekee.

Sasa, kwa nini mchezo huu unajishughulisha sana na mtu aliye chini? Jibu liko kwenye asili yake. Mjapani mmoja, Mitsuyo Maeda, aliyesoma judo katika Kodokan, shule aliyoianzisha Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, alifika Brazil mwaka 1914. Huko, katika mji wa Belém, akamfundisha kijana aitwaye Carlos Gracie, na Carlos akawafikishia ndugu zake. Mdogo wao Hélio, aliyezaliwa mwaka 1913, alikuwa na umbo jembamba. Mtu mwembamba akishikana na mtu mzito, suala la kama atalala chini huwa halipo. Linalobaki ni lini, na akishalala atafanya nini. Mchezo uliokulia mikononi mwa watu wa namna hiyo ulilazimika kujibu swali hilo.

Na kwa kuwa niko Tanga na mmenipa kipaza sauti, niwaambie kwamba Novemba ya mwaka huohuo wa 1914 jeshi la Uingereza lililoletwa kutoka India, watu wapatao 8,000, lilishuka ufukweni kwetu kuuteka mji huu. Lilikuta askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wapatao 1,000, wengi wao Waafrika, na nyuki. Likarudi majini. Hilo halihusiani na jiu-jitsu hata kidogo, ila nisingejisamehe kupita bila kulitaja.

Turudi. Mkienda kwenye mashindano yanayofuata kanuni za IBJJF, yaani shirikisho kubwa la mchezo huu, mtakuta pointi zimepangwa hivi. Kumwangusha mwenzako, 2. Kumpindua ukiwa chini na miguu yako bado iko kati yenu, 2. Kumweka goti tumboni, 2. Kuivuka miguu yake na kumbana, 3. Kumkalia kifuani, 4. Kumpanda mgongoni na kumkaza kwa miguu, 4. Mtu aliyekaliwa kifuani, akapambana, akajichomoa, akairudisha miguu yake mbele, anapata ngapi? Sifuri. Refa hainui hata kidole. Watazamaji hawapigi makofi, na mara nyingi hawajaona lililotokea.

Ndiyo maana vijana hawajifunzi kutoka. Wanaingia humu simu mkononi, wamehifadhi video ya namna ya kumfunga mtu shingo kwa kola ya koti lake mwenyewe huku umeruka hewani. Vizuri. Lakini muulize, ukiruka ukamkosa, unaangukia wapi? Chini. Na ukiwa chini unatokaje? Kimya. Ni kama mpira. Wagosi wa Kaya, Coastal Union yetu, walipochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, watoto wa mtaani kwetu kila mmoja alitaka kuwa mshambuliaji. Golini tulikuwa tunamweka mwenye mpira asije akauchukua akaenda nao kwao.

Mimi naamini, na hapa mwalimu wangu tunapishana kidogo, kwamba mgeni miezi yake sita ya kwanza afundishwe kutoka kuliko kitu kingine chochote. Mwalimu anasema watachoka, wataona hawashindi. Namwambia, walioacha humu nimewaona kwa macho yangu, wala hawakuacha kwa sababu ya kushindwa. Waliacha kwa sababu ya uzito juu ya kifua na pumzi isiyotosha, siku baada ya siku, bila kujua la kufanya. Tena mtu asiyejua kutoka hawezi kushambulia. Hathubutu. Anajua akimvamia mwenzake akamkosa atalala chini, na akilala chini amekwisha, basi anabaki kushika koti la mwenzake dakika tano nzima kama abiria wa daladala aliyeshika bomba.

Haya, namna yenyewe. Twendeni kwanza Sahare maji yakiwa yamekupwa.

Mnaijua mashua iliyopwelewa. Haiwezi kusimama yenyewe, chini imechongoka, itadondokea ubavu. Kwa hiyo mafundi huiwekea gadi, ile miti ya kuitegemeza huku na huku. Sisi humu ukumbini tulikuwa tukisema gadi kila siku, gadi hivi, gadi vile, tukimaanisha ile hali ya kuwa chini huku miguu yako imesimama kati yako na adui. Tulilichukua neno kwa Kiingereza bila kufikiri. Siku moja mzee mmoja fundi wa mashua alikuja kumchukua mjukuu wake, akakaa pale mlangoni akatusikiliza. Akauliza, hiyo gadi mnayoisema mnaiweka wapi? Tukamwonyesha miguu. Akacheka sana. Akasema, na mikono je? Gadi moja haishiki chombo.

Tangu siku hiyo nimefundisha kwa mashua. Itazameni gadi ya mashua. Haisukumi. Haina misuli, haichoki, inaweza kukaa hapo mwezi mzima. Kitako chake kiko mchangani, kichwa chake kiko kwenye mbavu za chombo, na uzito wote unashuka kupitia mti mpaka ardhini. Ukiiweka vibaya, ikakaa mshazari kupita kiasi, inateleza. Ukitumia fito badala ya mti inapinda, halafu inakatika.

Mwili wako una miti hiyo. Mfupa wa mkono kuanzia kiwiko mpaka kifundo ni mti. Paja ni mti. Mwenzako akikulalia ubavuni, mkono mmoja uweke mshazari shingoni kwake, chini ya taya. Mkono wa pili uweke kwenye nyonga yake. Viwiko vyote viwili vibaki karibu na mbavu zako, na kiwiko kikiweza kugusa chini au kuegemea mwili wako, basi uzito wake unapita kwenye mfupa unakwenda ardhini, wewe unapumua. Mkono ulionyooka kumsukuma, kama nilivyofanya mimi siku ile, ni ule mkono atakaouvunja. Ataukumbatia, atauzungusha, na mtaniambia.

Sasa lile lililo kubwa kuliko yote, na nitalirudia mpaka mnichoke. Gadi huwekwa lini? Huwekwa maji yakiwa yanatoka. Fundi hangoji mashua ilale ubavu ndipo akatafute miti. Ikishalala, gadi ni kuni tu. Na wewe vivyo hivyo. Mwenzako anapoanza kuivuka miguu yako, ukiona nyonga yake imepita goti lako la kwanza, mikono yako iwe tayari shingoni na nyongani. Kuna nusu sekunde pale, wakati anapita na bado hajakaa. Katika nusu sekunde hiyo mtoto anaweza kutoka chini ya mtu mzima. Akishakaa, kifua kimegusa kifua, kichwa chako kimegeuzwa upande, utahitaji dakika mbili kuipata tena nafasi aliyokuwa anakupa bure.

Ukishaweka gadi, usibaki hapo ukajipongeza. Geuka ulale kwa ubavu umwelekee yeye, si chali, mgongo bapa. Kanyaga chini, halafu urudishe nyonga nyuma kama anavyofanya kamba wa baharini akishtuliwa. Mmewaona kwenye ndoo pale sokoni, anapiga mkia mara moja, hayupo. Nyonga ikirudi, mahali ilipokuwa panabaki wazi. Ingiza goti hapo. Upesi! Nafasi ukiifungua usipoijaza wewe ataijaza yeye. Hili ndilo linalowashinda wengi: wanapiga kamba mzuri kabisa, nafasi inafunguka pana kama mlango wa msikiti, kisha wanapumzika. Mwenye uzito anaingia, anaketi.

Na mkipiga kamba, jamani, isogee nyonga, mabega yabaki. Naona watu wanajiburuza mwili mzima kama jongoo, wakimaliza wako umbali uleule na mwenzao, wamehama tu turubai.

Kukaliwa kifuani kuna njia mbili, na siri yake ni kwamba hizo mbili ni njia moja. Ya kwanza tunaiita daraja. Ushike mkono wake mmoja uubane kifuani kwako. Mguu wake wa upande huohuo uuzuie kwa mguu wako, asipate mahali pa kuegemea. Kisha inua nyonga juu kwa nguvu ya miguu yote miwili na ugeuke kupitia bega la upande uliouziba. Usiinue kwenda juu tu, atarudi kukaa palepale na wewe umemburudisha. Mpeleke juu na pembeni, kwenye kona isiyo na mkono wala mguu. Mtu wa kilo mia moja asiye na mkono wala mguu wa kuegemea ni kabati refu, linaanguka.

Ya pili ni ileile ya kamba. Mikono kwenye nyonga yake, lala ubavu, burura goti lako liingie chini ya mguu wake, kisha na la pili.

Sasa akiona unainua daraja, atafanya nini? Atatandaza mkono chini na kupanua magoti ili asipinduke. Alipopanua magoti ameacha nafasi, goti lako linaingia. Akiona goti linaingia, anarudi kubana na kukaa wima kidogo. Alipokaa wima, daraja. Unambadilishia. Mimi kwa kilo zangu 58 daraja peke yake halijawahi kumwangusha mtu mzito humu ndani, nisiwadanganye. Lakini kila nikiliinua lazima alijibu, na jibu lake ndilo linalonifungulia.

Goti tumboni nitalipita. Linaumiza, lakini aliyekuweka goti tumboni amesimama kwa mguu mmoja na nusu, hajatulia. Mwalimu atawaonyesha.

Mgongoni ndiko kwenye hatari. Akikupanda mgongoni, shingo kwanza. Kila kitu kingine baadaye. Mikono yako miwili ishughulike na mkono wake mmoja, ule unaotafuta shingo. Kidevu peke yake hakikulindi, watu hukaba juu ya taya na inauma vibaya sana. Mkono wake mmoja umepita juu ya bega lako, wa pili umepita kwapani. Laleni kuelekea upande wa ule uliopita kwapani, upande ule roba yake haina nguvu. Kisha uguse chini kwa mabega. Mtu hawezi kuwa mgongoni kwako ikiwa mgongo wako umelala kwenye turubai. Sogeza nyonga uvuke mguu wake, geuka umwelekee. Mara nyingi utajikuta umelaliwa ubavuni, na utasema, sasa nimepata faida gani? Umepata. Ulikuwa unazimika, sasa unapumua, na kazi ya ubavuni unaijua.

Nimeahidi kutozungumza sana, na namwona mama pale anatazama saa. Lakini la namna ya kujifunza siwezi kuliacha, kwa sababu kuonyeshwa na kujua ni vitu viwili.

Nilipokuwa na mwaka mmoja humu nilikuwa bado nakaliwa na kila mtu. Nikaanza kuandika. Daftari langu la kibandani mnalijua, lile la madeni, baadhi yenu mmo humo. Kurasa za nyuma nikaandika kila jioni: nani kanilalia, wapi, nilikwama wapi. Sikuandika kama nimeshinda. Niliandika nilifika wapi. Je, niliweza kugeuka ubavu? Kiwiko kiliingia ndani? Goti lilipita? Baada ya miezi minne nikakaa siku ya mvua, hakuna wateja, nikasoma. Karibu kila ukurasa uliandikwa neno moja: kushoto. Mkono wa kushoto. Kila nilipobanwa upande ule, kiwiko changu cha kushoto kilikuwa kimeachwa nje, mbali na mbavu. Mimi hushika spana kwa mkono wa kulia na gurudumu nalinyanyua kwa wa kushoto, ukiwa umenyooka, kutwa nzima, miaka ishirini. Mkono ulizoea kwenda mbali. Hakuna mwalimu ambaye angeliona hilo, maana kila siku alinisahihisha jambo jingine. Nikatumia mwezi mzima kwa kiwiko kimoja. Watu walionilalia waliona nimebadilika, wakaniuliza nimejifunza mbinu gani mpya.

Namna tunavyofanya hapa ni hii. Hatuanzi tumesimama. Mmoja analala, mwenzake anamkalia pale walipokubaliana, iwe kifuani, ubavuni au mgongoni, na saa inahesabu dakika mbili. Aliye juu ana kazi moja, kubaki juu. Haruhusiwi kutafuta shingo wala mkono. Wiki za kwanza anatumia uzito wake tu. Wa chini akianza kutoka kwa urahisi, wa juu anaongeza, robo ya nguvu, nusu, mwisho yote. Akitoka, wanarudi palepale. Dakika zikiisha wanabadilishana. Na kuna kanuni moja niliyoiomba mimi, mwalimu akaipitisha: wa chini ndiye anayesema anza. Awe ameweka mikono yake, amevuta pumzi, ametulia. Mnaona ni jambo dogo. Mgeni wa kwanza niliyemwona chini ya kanuni hiyo alikaa sekunde ishirini akijipanga ndipo akasema anza, na sura yake haikuwa ya mtu anayeonewa.

Mazoezi haya yanachosha na hayana picha nzuri ya kutuma kwenye simu.

Kuna mfano mmoja napenda kuwapa vijana wanaodhani kuwa chini ni kushindwa. Desemba 1994, mjini Tulsa, Marekani, kwenye UFC ya nne, yale mashindano ya kupigana ya mitindo mchanganyiko, Royce Gracie, mtoto wa Hélio, mwenye kilo kama 80, alikutana na Dan Severn, mwanamieleka wa kilo kama 118. Severn alimwangusha na kumlalia karibu dakika kumi na tano. Watu waliokuwa wakitazama walidhani wanaona mtu anashindwa taratibu. Lakini miguu ya Royce ilibaki kati yao, gadi zilikuwa zimesimama. Ikafika dakika ile, miguu ikapanda ikafunga shingo na mkono mmoja wa Severn, na mkubwa akagonga. Kuwa chini umeweka gadi na kuwa chini umebanwa ni hali mbili tofauti kabisa, japo kwa mbali zinafanana.

Na mfano wa pili ni wa kutouiga. Oktoba 1951, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, Hélio mwenyewe alipambana na Mjapani Masahiko Kimura, aliyekuwa mzito kuliko yeye kwa mbali. Kimura alimbana chini, akaushika mkono, akauzungusha. Mkono ukavunjika. Hélio hakugonga. Kaka yake Carlos ndiye aliyesimamisha pambano kwa niaba yake. Kufunga mkono kwa namna ile mpaka leo kunaitwa kimura, kwa jina la aliyeshinda. Watu wanamsifu Hélio kwa ushujaa, nami namheshimu, lakini yule alikuwa mbele ya uwanja mzima wa watu. Wewe uko Chumbageni, jioni ya Jumanne, kesho una kazi. Gonga. Gonga mapema, gonga mara mbili, kwa mkono, na mkono ukiwa umebanwa gonga kwa mguu, na mguu ukishindikana sema. Ukigonga tunaanza upya baada ya sekunde tano. Usipogonga tunaanza upya baada ya wiki tatu, muulizeni fundi baiskeli.

Wazazi mmeniuliza mambo kadhaa kabla hatujaanza, nijibu kwa ufupi. Mabinti wanafanya na mabinti, siku zao zimewekwa, na mwanamke mwenzao ndiye anayewasimamia. Mwezi wa Ramadhani tunafanya baada ya tarawehe, na taratibu. Baba mmoja aliuliza kama mtoto akijua haya ataweza kupambana na kibaka. Mzee wangu, kibaka mwenye panga mpe simu. Kibaka asiye na panga, mkimbie. Hizi mbinu ni za pale ambapo umeshindwa kukimbia na mtu amekukalia, na hata hapo shabaha ni kusimama na kuondoka. Sitamfundisha mtoto wa mtu kukaa chini barabarani kwa hiari.

Bibi mmoja aliniuliza kama mchezo huu si wa kukumbatiana tu. Shikamoo bibi. Unafanana. Njoo utazame dakika mbili, halafu utuambie.

Haya, nimesema vya kutosha. Tunahitaji wawili. Wewe kijana wa fulana ya njano, njoo. Na kaka yangu mpakuaji, njoo na wewe, usijifiche nyuma ya watoto, huonekani mdogo hata ukiinama. Ndiyo, ni huyuhuyu. Mlalie ubavu, uzito tu, mikono iwache ipumzike. Mwanangu, geuka kidogo umwelekee. Mkono huu shingoni. Huu nyongani. Kiwiko kirudishe ndani. Zaidi. Hapo hapo. Nani ana saa? Mama uliyekuwa unaitazama, tuhesabie dakika mbili. Watoto, rudini nyuma ya mstari.

Kijana, hatuna haraka. Ukiwa tayari, sema.